Dola 100,000 kwa kijana ambaye hakucheza hata mechi moja

Septemba 26, 2017 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani mjini New York walitangaza majina ya washtakiwa 10. Kwa mtu aliyezoea kesi za magendo, orodha hiyo ilikuwa na sura ya ajabu. Walikuwamo makocha wasaidizi wanne wa mpira wa kikapu kutoka vyuo vikuu vya Arizona, Auburn, Oklahoma State na Southern California. Alikuwamo bosi wa masoko ya michezo wa kampuni ya viatu ya Adidas. Walikuwamo mshauri wa fedha, msimamizi wa timu ya vijana, na mshona suti mmoja wa Atlanta aliyewahi kuwa mwamuzi wa ligi kuu ya kulipwa ya NBA.

Mzigo waliokuwa wakiugombania haukuwa dhahabu wala vitenge. Ulikuwa vijana wa miaka 17 na 18, warefu, wepesi wa miguu, ambao bado walikuwa wakimalizia masomo ya sekondari.

Kwa msomaji anayevuka Namanga, Busia au Mutukula kila wiki, kesi hii ina mambo mawili yanayomhusu. La kwanza ni namna fedha zilivyopitishwa: ankara za uongo, madalali wa katikati, bahasha za taslimu kwenye maegesho ya magari. Hayo hayahitaji mkalimani. La pili liko karibu zaidi na nyumbani. Soko hilohilo la wanamichezo wa vyuo vya Marekani limekuwa likichota vijana wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na mzazi anayetoa mtaji wa duka kumlipa mtu aliyemwahidi mwanawe ufadhili wa michezo anaingia sokoni bila kujua bei wala sheria yake.

Bei iliyozuiwa

Kwanza soko lenyewe. Huku kwetu mashindano ya vyuo hutazamwa na wanafunzi wenzao na walimu wachache. Marekani ni biashara. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, mwaka 2016 kiliongeza mkataba wake wa kuonyesha mashindano ya kikapu ya kila Machi kwenye televisheni za CBS na Turner kwa miaka minane, hadi 2032, kwa dola bilioni 8.8. Mkataba uliotangulia, wa mwaka 2010, ulikuwa wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Makocha wakuu wa vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwa nyuma yake, ni kocha wa chuo.

Mchezaji je? Hadi katikati ya mwaka 2021 alichoruhusiwa kupokea ni ada, chakula, malazi, vitabu na posho ya kujikimu. Akichukua zaidi ya hapo, hata viatu alivyopewa akaviuza, amevunja kanuni na anaweza kufungiwa. Watetezi wa mfumo huo waliuita ridhaa. Wapinzani waliuita majina mengine.

Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua kinachofuata. Sukari ikipangiwa bei kwa amri upande mmoja wakati upande wa pili wanunuzi wamejipanga na fedha mkononi, njia za panya huota zenyewe. Thamani ya kijana mwenye kipawa haikupungua kwa sababu kanuni ilisema hana bei. Kilichotokea ni kwamba bei yake ilianza kulipwa kwa watu wengine: mjomba, mlezi, kocha wa timu ya mtaani, au kijana mjanja anayezifahamu familia zote.

Kampuni za viatu ziliingia hapo kwa hesabu rahisi. Kampuni hulipa chuo ili timu zake zivae nembo yake. Chuo kikishinda, nembo inaonekana nchi nzima. Kijana akihitimu kwenda NBA, kampuni iliyomzoea tangu utoto ina nafasi nzuri ya kumsaini. Agosti 2017, mwezi mmoja tu kabla ya kamatakamata, Chuo Kikuu cha Louisville kilitangaza mkataba mpya na Adidas wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 160. Ukiwa na mzigo wa ukubwa huo barabarani, dola 100,000 za kuhakikisha nyota mmoja anasaini Louisville ni kama gharama ya turubai na kamba.

Ankara ya uongo

Nyota huyo alikuwa Brian Bowen, kijana wa Saginaw, jimbo la Michigan. Hadi mwishoni mwa Mei 2017, wakati wenzake wote wakubwa walikuwa wameshachagua vyuo, yeye alikuwa hajasema neno. Siku chache baadaye akatangaza Louisville, na wachambuzi wakashangaa.

Ushahidi uliotolewa mahakamani ulieleza kilichokuwa nyuma ya pazia. James Gatto wa Adidas, mshauri wa kampuni hiyo Merl Code, na dalali kijana aitwaye Christian Dawkins walikuwa wamekubaliana kumlipa baba wa kijana dola 100,000 kwa awamu nne. Kampuni haiwezi kuandika hundi ya namna hiyo. Kwa hiyo zikaandaliwa hati za manunuzi na ankara zilizoonyesha kwamba fedha zinakwenda kwenye timu ya vijana kwa shughuli za kawaida za michezo, kisha kutoka huko zimfikie mzee.

Ofisi kubwa zina urasimu, na malipo yalichelewa. Baba alikuwa anasubiri. Dawkins akawaendea wawekezaji wapya aliokuwa amewapata, akaomba watangulize awamu ya kwanza, Adidas itawarudishia. Wawekezaji wakakubali haraka, na taslimu ikakabidhiwa kwa baba huko New Jersey, pungufu kidogo ya dola 20,000. Walichokuwa hawajui Dawkins na wenzake ni kwamba mwekezaji aliyetoa fedha alikuwa mpelelezi wa FBI. Awamu ya kwanza ya hongo iliyokuja kuitikisa michezo ya vyuo ilitoka mfuko wa serikali.

Dawkins anastahili maelezo kidogo, kwa sababu watu wa aina yake wapo katika kila soko. Alikuwa na umri wa miaka 24, mtoto wa kocha, kutoka Saginaw hiyohiyo ya kina Bowen. Hakuwa na leseni wala shahada ya sheria. Mtaji wake ulikuwa simu na kujuana. Alifukuzwa na kampuni ya uwakala aliyokuwa akiifanyia kazi kwa madai ya kutumia kadi ya benki ya mchezaji mmoja kulipia safari za teksi za Uber, jumla yake maelfu ya dola. Akaamua kufungua kampuni yake. Hapo ndipo wapelelezi walipomkuta, akitafuta mtaji.

Waliofungua mlango kwa FBI walikuwa na historia yao pia. Mshauri wa fedha wa Pittsburgh, Marty Blazer, alikuwa ameshagundulika kuchota fedha za wateja wake, wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, na kuziingiza kwenye miradi ya filamu. Ili apunguziwe adhabu, tangu mwaka 2014 alikubali kuvaa kinasa sauti. Yeye ndiye aliyewapeleka wapelelezi kwa makocha.

Mkondo huo wa makocha ulikuwa biashara tofauti na ya viatu, ingawa dalali alikuwa yuleyule. Kijana anayekaribia kuingia NBA anahitaji wakala na mshauri wa fedha, na anayemwamini kuliko wote ni kocha msaidizi aliyemtoa kwao. Mshauri anayetaka mteja atakayelipwa mamilioni anampenyezea kocha rupia, na kocha anamwambia mtoto: huyu ni mtu mzuri. Chuck Person wa Auburn, aliyewahi kuwa mchezaji maarufu wa NBA, alipokea dola 91,500. Lamont Evans wa Oklahoma State alipokea dola 22,000, Emanuel Richardson wa Arizona dola 20,000, na Tony Bland wa Southern California dola 4,100. Katika mazungumzo yaliyonaswa, Dawkins mwenyewe aliwaeleza wawekezaji wake kwamba kuwalipa makocha ni kupoteza fedha, afadhali zipelekwe moja kwa moja kwa wachezaji na familia zao. Wawekezaji wakasisitiza makocha. Sababu yao haikuwa ya kibiashara: kocha wa chuo kinachopokea fedha za serikali kuu akihongwa, kuna sheria ya jinai ya kumshtaki. Mchezaji akilipwa, kuna kanuni za chama tu.

Aliyeibiwa ni nani?

Kesi ya kwanza ilisikilizwa Oktoba 2018. Mawakili wa Gatto, Code na Dawkins hawakukana kwamba fedha zilitoka. Walisema zilivunja kanuni za NCAA, ambazo si sheria za nchi, na kwamba zililenga kuvisaidia vyuo kupata wachezaji bora. Upande wa mashtaka ulisema vyuo vililaghaiwa: vilitoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji ambao, kama vingejua ukweli, visingewapa, kwa sababu walikuwa wameshapoteza sifa.

Baraza la wazee wa mahakama lilikubaliana na serikali. Machi 2019 Gatto alihukumiwa miezi tisa jela, Code na Dawkins miezi sita kila mmoja. Katika kesi ya pili, iliyohusu makocha, Dawkins aliongezewa mwaka mmoja na siku moja, Code miezi mitatu. Richardson na Evans walikwenda jela miezi mitatu mitatu. Person na Bland walipewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu ya kesi ya kwanza Januari 2021. Blazer, mwizi aliyegeuka shahidi, alipata kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo bila kuuliza aliyeibiwa ni nani hasa. Kisheria, mwathirika ni Louisville, yenye mkataba wa dola milioni 160. Kijana ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila ukurasa wa mashtaka aliwekwa kando ya timu, hakuvaa jezi ya chuo chochote katika mechi rasmi, akaenda kucheza Australia. Baadaye aliichezea Indiana Pacers ya NBA mechi chache. Aliishtaki Adidas akidai kuharibiwa maisha ya mchezo, na akashindwa hadi kwenye rufaa. Hakuna ushahidi uliotolewa kwamba yeye binafsi alijua baba yake analipwa.

Na hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyepandishwa kizimbani. Rick Pitino wa Louisville alifukuzwa kazi Oktoba 2017 akisisitiza kwamba hakujua lolote. Leo ni kocha wa chuo kingine, St. John's cha New York. Makocha wasaidizi wanne walioshtakiwa wote ni weusi, jambo lililosemwa sana Marekani na ambalo waendesha mashtaka hawakulazimika kulijibu mahakamani.

Afrika nayo ilikuwamo ndani ya jalada. Silvio De Sousa, kijana wa Angola aliyekwenda kusoma sekondari Florida, alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas katikati ya msimu wa 2017-18 na kukisaidia kufika nusu fainali ya taifa. Mahakamani T.J. Gassnola, mtu wa Adidas aliyegeuka shahidi wa serikali, alieleza kwamba alimlipa mlezi wa De Sousa dola 2,500 na kukubali kumpa nyingine 20,000. Februari 2019 NCAA ikamfungia mchezaji huyo msimu uliobaki na mzima uliofuata. Chuo kikakata rufaa, na Mei mwaka huo adhabu ikaondolewa. Kansas chenyewe kilikuja kufutiwa ushindi wa msimu ule Oktoba 2023, zaidi ya miaka mitano baada ya mechi kuchezwa. Kocha wake mkuu, Bill Self, alikwishatumikia kifungo cha mechi nne alichojipangia pamoja na chuo chake.

Upande mwingine wa soko hilohilo uliwekwa wazi Boston, Machi 2019. Huko walionunua hawakuwa kampuni za viatu. Walikuwa wazazi matajiri, na bidhaa yao ilikuwa nafasi za wanamichezo zinazotengwa na vyuo vyenye ushindani mkubwa wa kuingia. Mshauri wa masomo wa California, William Rick Singer, alikusanya takriban dola milioni 25 kati ya 2011 na 2018. Kiasi kikubwa kiliwaendea makocha wa michezo isiyo na watazamaji wengi, kama tenisi, makasia na mpira wa majini, wawaandike watoto wasiojua hata kushika kasia kama wachezaji waliosakwa. Picha ziligeuzwa kwa kompyuta. Kocha wa soka wa wanawake wa Yale alipokea dola 400,000 kwa mtoto mmoja. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 ili binti zao wawili waingie Southern California kama wapiga makasia. Yeye alifungwa miezi miwili. Singer alipewa miaka mitatu na nusu Januari 2023. Njia hiyo aliiita mlango wa pembeni.

Magendo yanapogeuka bidhaa halali

Juni 21, 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliamua kwamba NCAA haiwezi kujificha nyuma ya neno ridhaa ili ikwepe sheria za ushindani wa biashara. Kesi hiyo, ya mchezaji wa zamani Shawne Alston, ilihusu manufaa ya kimasomo tu, lakini ukuta ulishapata ufa. Siku 10 baadaye, Julai mosi, chama kikaruhusu wanamichezo kuuza jina, sura na umaarufu wao kwa matangazo. Miezi si mingi, matajiri wanaoshabikia vyuo wakaunda mifuko ya pamoja ya kuwalipa wachezaji kwa kisingizio cha matangazo. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken wa California akaidhinisha makubaliano makubwa zaidi: takriban dola bilioni 2.8 kulipwa kwa awamu wanamichezo waliocheza tangu 2016, na vyuo kuruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Kwa maneno mengine, kile ambacho Gatto alifungwa kwa kukipitisha kichochoroni sasa kinapita getini na stakabadhi zake. Wafanyabiashara wa mpaka wa Busia waliokuwa wakikimbizwa na mahindi kabla ya utaratibu wa forodha kurahisishwa wataitambua hali hiyo. Mzigo uleule, mpaka uleule, ila tarehe imebadilika. Na kama ilivyo mpakani, aliyekamatwa kabla ya tarehe harudishiwi kitu. Mwishoni mwa 2022, wakati wachezaji wanalipwa hadharani, Richardson wa Arizona alipewa na jopo la nidhamu adhabu ya miaka 10 inayofanya iwe vigumu mno kwa chuo chochote cha NCAA kumwajiri hadi 2032.

Madalali hawakutoweka. Fedha zimeongezeka, mikataba mingi husainiwa haraka, na wachezaji huhama vyuo kila msimu wakifuata dau.

Kutoka Kawempe na Lubumbashi

Njia ya Afrika Mashariki kwenda vyuo hivyo ilifunguliwa na wakimbiaji. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kati ya Aprili na Juni 1978: mita 3,000, 5,000, 10,000 na kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitawala mbio ndefu za vyuo akiwa Texas El Paso, na katikati ya masomo akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow ya 1980. Makocha wapinzani walilalamika kwamba watu wazima wa miaka 25 wanashindanishwa na vijana wa 18. Malalamiko hayo yalizaa kanuni zinazomkata mgeni miaka ya kucheza kwa kila mwaka alioshindana kwao baada ya umri fulani. Tangu hapo cheti cha kuzaliwa kimekuwa bidhaa yenye bei, na mwanariadha aliyepunguziwa umri na mtu wa kumtafutia chuo anabeba uongo huo kila anakokwenda.

Kwenye kikapu, Hasheem Thabeet alitoka Makongo, Dar es Salaam, akacheza Connecticut na mwaka 2009 kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, na kukulia Kawempe, Kampala, alicheza Duke msimu mmoja na kuchaguliwa wa 10 Juni 2025. Majina hayo ndiyo madalali huyataja wanapokaa sebuleni kwa mzazi.

Wasilolitaja ni kwamba viza ya mwanafunzi, F-1, haikuandikwa kwa ajili ya soko jipya. Inamruhusu mwenye nayo kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje kwa vibali maalumu tu. Mwenzake Mmarekani anapiga picha ya tangazo leo na kulipwa kesho. Mgeni akifanya hivyo anaihatarisha viza. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky, alisubiri timu yake iliposafiri kwenda Bahamas Agosti mwaka huo, akafanya kazi zake za matangazo huko, nje ya mpaka wa Marekani. Ilimbidi kuvuka mpaka ili auze jina lake mwenyewe.

Yeye alikuwa na chuo na mawakili. Mtoto wa sekondari hana. Mjini Charlotte, North Carolina, mkuu wa shule moja binafsi alikiri mahakamani kwamba alikuwa akipokea dola 1,000 kwa kila mwanafunzi ili kuthibitisha serikalini kwamba wanasoma shuleni kwake. Walikuwa wageni wapatao 75, wengi wanamichezo, na hawakuwa wakisoma hapo. Kwenye mfumo wa uhamiaji wanafunzi walionekana wako darasani Charlotte, huku wenyewe wametawanywa kwa makocha sehemu nyingine. Mtoto wa namna hiyo akigundulika, anayepoteza hadhi ya ukaazi ni yeye.

Jeraha la karibu zaidi liko Eldoret, ingawa halikuhusu michezo. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizoweka katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto kusoma Finland na Canada. Wapo waliouza mashamba na ng'ombe. Maafisa walishtakiwa kwa madai ya njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya, walikana. Huo ulikuwa mpango wenye nembo ya serikali. Dalali wa kikapu ana namba ya simu tu.

Kwa anayetaka kumpima, gharama za kweli zinafahamika. Hati ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza, hutolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya shule au chuo chenyewe. Ada ya mfumo wa SEVIS kwa mwenye F-1 ni dola 350, na maombi ya viza dola 185. Zote hulipwa kwa serikali ya Marekani. Usajili wa kuhakikiwa sifa hulipwa NCAA. Kocha hatozi ada ya kumtazama mchezaji. Vyuo vya kundi la Ivy League, Harvard na Yale vikiwamo, havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na vya daraja la tatu la NCAA vivyo hivyo, kwa hiyo anayeuza ufadhili wa kikapu wa Yale anauza hewa.

Lipo na jambo ambalo wazazi wengi hulisikia wakiwa wameshachelewa. Kanuni za NCAA zinamruhusu mtu kulipwa kwa kutathmini kipaji na kusambaza taarifa za mchezaji, ila malipo yake yasitegemee kupatikana kwa ufadhili. Dalali anayesema "mtanipa asilimia kumi mtoto akipata chuo" anaonekana muungwana kuliko anayetaka fedha mapema. Lakini makubaliano hayo yenyewe yanaweza kumwondolea mtoto sifa ya kucheza, hata kama kila kitu kingine ni halali.

Ada ya SEVIS na ya usajili wa NCAA hulipwa moja kwa moja, bila mtu wa katikati, na uthibitisho wa malipo hutoka kwa jina la mwanafunzi.